Aliyeshika Upande wa Pili wa Gogo

Kilichoninyima usingizi si kama niliona mzimu au sikuuona. Hilo waachie watu wa makanisani wabishane. Swali langu lilikuwa dogo na la kijinga, na pengine ndiyo sababu halikuniacha: gogo lile lilikuwa zito, mimi nilishika upande mmoja, sasa upande wa pili ulishikwa na nani?

Usianze kucheka. Najua unachotaka kusema. Kijana amemaliza chuo, hana kazi ya maana, halali vizuri, akili imechoka. Hayo nilijiambia mwenyewe kabla yako. Nilikwenda hata nyuma ya ploti ninayokaa huku Kapsoya, palipo na miti ya jirani anayejenga, nikajaribu kuinua mmoja peke yangu, nione kama inawezekana mtu abebe gogo bila kujua kwamba yuko peke yake. Nilichopata ni maumivu ya mgongo. Jirani akaniuliza kama nimeanza mazoezi, nikamwambia ndiyo. Kwa hivyo amini kwamba haya ninayokusimulia yalitokea, tena mchana, na yalimtokea mtu ambaye hurudi kutoka stendi kuhakikisha kama alizima jiko.

Kipindupindu kilipopungua, ofisi moja hapa mjini iliajiri vijana wa kupokea simu za vifo. Mtu akifa popote, mzee au mtoto, jirani anapiga namba ya bure, anamtaja marehemu na kueleza alivyougua. Dalili zikiwa za kuhara na kutapika, wapulizaji dawa wanatumwa kuzika na kusafisha. Ndivyo wakubwa walivyotaka kujua kama ugonjwa umeisha kweli au umejificha vijijini. Matanga yakishapita, mmoja wetu anatumwa kule nyumbani na maswali: marehemu alikunywa maji ya wapi, aliugua kwa muda gani, nani alimhudumia. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa. Nilisomea takwimu chuo kikuu, nikaishia kuwauliza wafiwa choo cha marehemu kilikuwa cha rangi gani.

Hakuna kazi inayokufundisha kudharau watu haraka kama hiyo. Elgon View, mtaa wa matajiri, nyuma ya mageti yale na mbwa wanaokula nyama kila siku, hakuna mtu hata mmoja aliyekufa kwa kipindupindu. Wote walikufa kwa presha. Hata yule ambaye godoro lake lilichomwa nyuma ya nyumba, kama msichana wa kazi alivyoninong'oneza getini nikitoka, naye alikufa kwa presha. Kipindupindu ni cha watu wachafu, na mtu mwenye bafu ndani ya chumba cha kulala atakuwaje mchafu? Lakini hao walidanganya kwa aibu, na aibu angalau ni kitu cha binadamu. Watu wa kijiji cha Chepsaita walidanganya kwa wema. Kama hujawahi kudanganywa na watu wema, sikiliza.

Marehemu aliitwa Mama Robai. Alikuwa mjane aliyetoka magharibi ya nchi zamani kuja kulima vibarua kwenye mashamba ya mahindi, akakodi nyumba nyuma ya maduka ya Chepsaita. Binti yake, Robai, anafanya kazi za nyumbani Uarabuni. Simu ya kifo ilipigwa na mwenyekiti wa Nyumba Kumi, yaani kiongozi wa majirani, Mzee Joash. Wapulizaji walifika, wakakuta maiti kweli, wakazika. Kilichobaki ni mimi kuuliza maswali na kufunga faili.

Nilimkuta Mzee Joash kwenye kibanda cha chai cha mke wake, amevaa koti la suti na gambuti, wazee wenzake wamemzunguka.

"Huyu ndiye msomi wa maiti," akawaambia. "Sisi tunazika, halafu yeye anakuja kuuliza kama tulizika vizuri."

"Muulize kama ameoa," akasema mwingine. "Na kazi kama hiyo, atapata bibi kweli?"

Nikacheka kama inavyotakiwa. Kisha Mzee Joash akanisimulia, na ukweli ni kwamba alisimulia vizuri. Jinsi walivyopokezana kumwangalia Mama Robai. Jinsi mke wake alivyomnywesha uji kwa kijiko. Jinsi walivyoimba, yeye mwenyewe akiwa amemshika mkono, mpaka akapumzika kwa amani. Alisema alimsimulia Robai vivyo hivyo kwa simu, na Robai alilia akiwabariki mmoja mmoja kwa jina. Wazee wakatikisa vichwa. Mke wake, Mama Ezra, alikuwa anakaanga mandazi, na kila mumewe aliposema "mama hapa alimhudumia," yeye aligeuza mandazi ambayo tayari yalikuwa yamegeuzwa.

Nikaomba kuonyeshwa nyumba.

"Nyumba imefungwa. Huko hakuna mtu. Si uniulize mimi?"

"Lazima nione alikuwa anachota maji wapi, Mzee."

"Basi nenda. Msomi haambiwi kitu."

Hakuna aliyeinuka kunisindikiza. Ilikuwa alasiri, na wingu zito lilikuwa limekaa upande wa Turbo. Nikapita njia nyembamba katikati ya mahindi mpaka uwanja wa ile nyumba, na hapo nikamkuta mwanamke ameinama juu ya gogo la mkaratusi, anajaribu kulisogeza. Alikuwa na sweta ya kijani, kifungo cha juu hakipo, amefunga kwa pini. Hakunisalimu wala kuniuliza ninatoka wapi.

"Umekuja saa nzuri," akasema. "Shika huko."

Ungefanya nini? Nilishika. Tulilibeba mpaka katikati ya uwanja, ambapo kuni ndogo zilikuwa zimepangwa tayari. Mimi nilikuwa nahema kama ng'ombe. Yeye alikuwa anapumua polepole, kama mtu aliyebeba sufuria tupu.

Kuni zile nilizijua. Kwa watu wa magharibi, mtu akifa moto huwashwa uwanjani, gogo kubwa likawekwa liungue usiku na mchana, na watu wakae kuuzunguka mpaka siku ya kuzika. Kila nyumba ya msiba niliyotumwa nilikuta duara la majivu uwanjani. Hapa nilitafuta majivu, nikaona nyasi tu. Nikafikiri huyu ni ndugu aliyechelewa kufika kutoka nyumbani, anafanya kwa mkono wake ambacho hakikufanywa. Unaona jinsi akili iliyosoma inavyojitafutia maelezo?

Nikamuuliza yeye ni nani kwa marehemu.

"Mimi ndiye niliyekuwa naye mpaka mwisho."

Nilifurahi. Nilitoa simu ya ofisi, nikaanza maswali, na alijibu vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumhoji. Maji yalikuwa ya mto, kwa sababu maji ya mfereji wa ploti yalikuwa yamekatwa. Ugonjwa ulianza alfajiri. Kisha nikafika kwenye swali la mwisho: nani alimhudumia?

"Hakuna."

Nikamwambia Mzee Joash amesema mke wake alimnywesha uji.

"Joash alifika mlangoni," akasema, huku akiegemeza kijiti juu ya gogo. "Akafunga kwa waya, kutoka nje. Halafu akapiga simu."

"Kusema nini?"

"Kwamba amekufa. Wapulizaji huchelewa. Jumapili watu wa hapa walikuwa na wageni wakubwa wa kanisa, hawakutaka moshi wa dawa mbele ya wageni. Wakaona wawahi." Alikuwa anaongea bila hasira yoyote, kama mtu anayeelekeza njia. "Mgonjwa alikuwa anagonga mlango. Alitaka maji tu. Yule msichana wa simu akasikia kugonga, akauliza ni kelele ya nini. Joash akamwambia ni fundi wa mabati, anaezeka kanisa."

Wewe unajua, kama nami ninavyojua, kwamba mtu wa kipindupindu haombi miujiza. Maji safi, chumvi kidogo, sukari, na mtu wa kumshikia kikombe.

"Na wewe ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Ndani."

Nikaandika: ndani. Niliandika hivyo, na bado sikuelewa. Kichwa changu kilikuwa kinajiuliza kama mahojiano ya watu wawili waliofungiwa pamoja yanahesabiwa kuwa moja.

Hapo mvua ya mawe ikaanguka, ile ya huku kwetu isiyoanza kwa manyunyu. Nikakimbilia chini ya paa la nyumba, nikamwita naye aje ajikinge.

"Mimi huko sirudi," akasema.

Nilikuwa nimeegemea mlango. Kitu kikanichoma mgongoni, nikageuka kukitazama. Ulikuwa waya, umesokotwa kwenye komeo mara nyingi, kisha ukakatwa kwa koleo na ncha zake zikaachwa zikining'inia. Komeo lilikuwa la nje. Ubao wa mlango, upande wa chini, ulikuwa umetokeza kuja nje, kana kwamba umesukumwa muda mrefu na kitu kilichokuwa sakafuni. Nilipogeuka tena, uwanja ulikuwa mweupe kwa mawe. Kuni zilikuwepo, gogo lilikuwepo, mtu hakuwepo. Njia ya kutoka ilikuwa ile moja, na mawe yaliyoifunika hayakuwa yamekanyagwa.

Nilirudi kibandani nimelowa, nikawaambia wazee kuna ndugu wa marehemu kule anakusanya kuni za matanga. Mzee Joash akasema Mama Robai hakuwa na ndugu. Nikasisitiza. Wakainuka, safari hii wote, maana hakuna kinachowatoa watu wema kwenye chai haraka kama nafasi ya kumwaibisha msomi.

Tulipofika, hakuna aliyecheka. Mmoja wao alilisukuma gogo kwa mguu, halikutikisika. Akasema mti huo ulianguka mwaka jana kule chini mtoni, na kipande hicho hakuna aliyejisumbua kukipandisha.

"Ulilileta na nani?" Mzee Joash akaniuliza. Hakuniita msomi.

Mama Ezra alikuwa ametufuata, mikono bado ina unga. Akaniuliza taratibu, "Alikuwa na sweta ya kijani? Imefungwa kwa pini hapa?" Akajigusa chini ya shingo.

"Mama, mandazi yanaungua," mumewe akasema.

"Ndiyo aliyokuwa nayo siku ile," Mama Ezra akasema. Hakuwa anamwambia yeyote.

Nikauliza kanisa waliliezeka lini. Mzee Joash akataka kujua kanisa linahusikaje na kipindupindu. Mama Ezra akajibu, akiangalia kuni, kwamba mabati yaliletwa baada ya mazishi.

Sasa utasema: labda kijana huyu alisikia habari za fundi wa mabati mahali fulani, akasahau, kisha akaota. Nililifikiria hilo kabla yako pia. Simu zetu hurekodiwa, lakini wa kutumwa nje kama mimi hatuzisikilizi. Kesho yake nilimwomba Chemutai, aliyepokea simu ile, anichezee rekodi yake. Sauti ya Mzee Joash ilitoka nzito na tamu, sauti ya kufungua mikutano kwa maombi. Mama yetu ametutoka. Tuleteeni watu wa dawa mapema. Na nyuma yake, kugonga. Nikamsikia Chemutai akiuliza, "Mzee, hiyo kelele ni ya nini?" Na yeye, bila kusita hata kidogo, "Ni fundi wa mabati, madam. Tunaezeka nyumba ya Bwana."

Fundi wa mabati ana mpigo wake. Anapiga, anachukua msumari, anapiga. Huyu alikuwa anapiga, ananyamaza, anapiga kwa udhaifu zaidi, kisha kama anakwaruza. Chemutai alivua vile visikilizio, akatoka nje, na siku hiyo hakurudi.

Nikapeleka jambo kwa mkubwa wetu, mwanamke ambaye kila mtu humwita Madam na anayependa kuitwa hivyo.

"Wapulizaji walikuta maiti?" akaniuliza.

"Ndiyo, Madam."

"Basi simu ilikuwa ya kweli."

"Ilikuwa ya kweli walipofika. Ilipopigwa ilikuwa ya uongo."

"Sisi tunahesabu vifo, hatuhesabu asubuhi na jioni. Funga hiyo kitu."

Utaniuliza mbona sikwenda polisi. Nilikwenda. Askari alisikiliza huku akimenya chungwa, akasema kelele ni kelele, mahakama itataka mtu. Akaniuliza shahidi wangu ni nani.

Ndipo usingizi ulipokatika kabisa. Nililala nikiangalia dari ya Kapsoya na kulizungusha jambo. Kama kule uwanjani nilikuwa na mtu hai, alikwenda wapi? Kama hakuwa hai, nilisaidiwaje gogo? Na kama ni kweli, ninayo haki gani ya kumnyang'anya Robai kifo kizuri alichopewa? Huko aliko analala akijua mama yake alishikwa mkono na kuimbiwa. Nani atapona nikimwambia alikufa akiukwaruza mlango kwa kiu? Niliyapima hayo mpaka nikajichukia. Halafu nikagundua kwamba ninapima vile vile alivyopima Joash: ukweli huu utamsumbua nani, na kuna wageni Jumapili. Mwanamke yule hakuniomba mawazo. Aliniambia nishike huko.

Kazi hiyo sinayo tena, ujue. Mkataba haukuongezwa, na sababu utaisikia sasa hivi. Huku Kapsoya kila mtu anajenga, na fundi akianza kugongelea mabati nasimama njiani niusikilize mpigo, watu wananipita wakidhani nimechanganyikiwa. Nikiona mlango wenye komeo la nje nalishika kujua kama limefungwa. Na Mzee Joash? Bado anaongoza maombi kwenye misiba, na wanasema anaongoza vizuri. Kwa hivyo sikiliza. Siku utakapoambiwa jirani amekufa, usishike simu kwanza, shika mlango. Ingia. Mguse. Mwekee maji mdomoni hata kama unafikiri umechelewa. La sivyo ipo siku utasogeza kuni zako mwenyewe katika uwanja usio na majivu, ukingoja mpita njia akushikie upande wa pili. Na huenda mpita njia huyo asiwe mjinga kama mimi.

Nilichofanya ni hiki. Jumapili nilirudi Chepsaita, nikafika watu wakitoka kanisani, chini ya mabati yao mapya. Nilipita katikati yao hadi uwanja wa Mama Robai, wengi wakinifuata kwa sababu watu hufuata chochote. Nilikuwa na mafuta ya taa kwenye chupa. Kuni zilikuwa zimelowa mvua, zikakataa. Mama Ezra akaondoka bila neno, akarudi na makaa kutoka jiko lake kwenye kipande cha bati, akayasukuma chini ya gogo, akapiga magoti na kupuliza.

"Kijana wangu," Mzee Joash akasema, kofia mkononi, kwa ile sauti yake ya maombi, "moto wa matanga hauwashwi baada ya mazishi. Hujui mila."

"Najua, Mzee. Ulitakiwa uwashwe kabla."

Nikatoa simu yangu mwenyewe, si ya ofisi. Nikaweka sauti nje ili wote wasikie, nikapiga ile namba ya bure kama mwananchi mwingine yeyote. Alipokea Chemutai. Alinitambua, nilisikia pumzi yake, lakini aliuliza kama anavyotakiwa kuuliza: jina la marehemu.

Nikamtaja Mama Robai. Nikataja mahali, na maji ya mto, na ugonjwa wa alfajiri.

"Nani alimhudumia?"

"Hakuna. Mlango ulifungwa kwa waya kutoka nje. Simu ya kwanza ilipopigwa alikuwa hai, anagonga. Aliyefunga ni huyo huyo aliyepiga." Nikamtaja kwa majina yake yote. Alikuwa amesimama pale pale mbele yangu, akitazama watu, akingoja mmoja wao anikemee.

"Kuna shahidi?" Chemutai akauliza.

Mama Ezra akajipangusa majivu magotini, akaja, akainamia simu kama anayezungumza na mtu aliye shimoni.

"Niandike mimi," akasema. "Ni mke wake. Nilisikia akigonga, nikaendelea kukaanga mandazi."

Kwenye simu nilisikia Chemutai akiandika, polepole, neno kwa neno. Kisha akaacha.

"Nasikia kelele hapo nyuma," akasema. "Ni ya nini?"

"Ni moto," Mama Ezra akamjibu. "Gogo limeshika."